Ukitaka kubishana kuhusu 13th Floor Elevators, tega sikio kwanza

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Mwanza. Baada ya shikamoo akalitoa dukuduku lake. Alisikiliza albamu ya 13th Floor Elevators inayoitwa Live, ikampandisha mzuka, akawaeleza mashabiki wenzake wa roki ya miaka ya sitini jinsi umati ulivyokuwa ukiwashangilia vijana wale wa Texas. Wakamcheka. Mmoja akamwambia arudi kwenye muziki wa kwao. Akamalizia ujumbe wake hivi: "Kaka, hivi watu kama sisi tuna haki ya kuongelea vitu hivi?"

Mdogo wangu, haki unayo. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mko wengi mnaopenda muziki huu na mnaukimbia mjadala wake kwa kuogopa kuonekana washamba.

Nianze na hiyo Live, maana ndiyo iliyokuletea maneno. Ilitolewa 1968 na International Artists, kampuni ya hapa Houston iliyokuwa na mkataba na bendi. Hakuna umati uliokuwepo. Kampuni ilikusanya rekodi za studio, zikiwemo zilizokuwa zimeachwa kabatini, ikazibandikia makofi na vigelegele, ikaziuza kama onyesho. Wimbo wa "Roller Coaster" uliomo humo ni uleule wa albamu ya kwanza ya 1966. Wanaokucheka wanajua hilo kwa kuwa walihadithiwa. Wewe unaweza kulijua kwa masikio yako mwenyewe, na hapo ndipo utakapowazidi. Vaa hedifoni, weka "Roller Coaster" ya studio, halafu weka ya Live. Msikilize mwimbaji wao, Roky Erickson, anavyovuta pumzi na mahali anapoipandisha sauti. Kisha yafuate makofi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu waliomo ukumbini huitikia kinachotokea jukwaani: gitaa likiingia wanapiga kelele, wimbo ukitulia nao wanatulia. Makofi haya yanakwenda njia yake na wimbo unakwenda yake. Ukitaka kusikia jinsi bendi ilivyokuwa mbele ya watu wa kweli, tafuta rekodi za ukumbi wa Avalon Ballroom, San Francisco, za 1966. Sauti yake si safi, lakini utawasikia wakikimbizana na wimbo kama bendi inayojua kwamba kuna watu wanacheza.

Sasa nieleze yangu, maana ushauri wangu wote umetoka hapo.

Nilipohamia Houston nilikuwa tayari naipenda bendi hii. Niliijua kupitia Nuggets, ule mkusanyiko wa santuri mbili alioutayarisha Lenny Kaye mwaka 1972 kwa ajili ya kampuni ya Elektra, uliowaokota vijana wa Marekani waliokuwa wakipiga roki kwenye magereji ya nyumbani kwao katikati ya miaka ya sitini. Humo ndani mna "You're Gonna Miss Me". Roky aliutunga na kuurekodi kwanza 1965 akiwa na bendi ya The Spades, kisha akaurekodi upya na Elevators. Ulipotoka 1966 alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Ulifika nafasi ya 55 kwenye chati ya Billboard, na hawakupata tena wimbo uliofika juu hivyo. Nami nilitaka kujua kila kitu kuhusu dakika zile mbili na nusu. Ile sauti ya kububujika inayokwenda mbio nyuma ya gitaa ni kitu gani? Ni Tommy Hall, mmoja wa wanabendi, na mtungi. Alikuwa akiuweka mdomoni pamoja na kipaza sauti, anatoa milio kwa koo lake, na tumbo la mtungi linairudisha sauti ikiwa na mwangwi. Wapigaji wa mtungi wa zamani walipuliza ili kupata besi. Huyu alitumia koo, na mlio wake ukatoka mwembamba wenye kasi ambao hadi leo hakuna bendi iliyoweza kuuiga nikaridhika.

Basi, nikapata mwaliko kwenye kikundi cha mashabiki waliokuwa wakikutana nyumbani kwa mmoja wao kusikiliza santuri. Watu wazima, wengine waliwahi kuiona bendi kwa macho yao wakiwa vijana. Nilikwenda na heshima zangu zote. Jioni ya kwanza mzee mmoja aliniuliza kama nimemsindikiza mtu. Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe. Akatabasamu, akaanza kunifundisha, taratibu kama anayesema na mtoto, kwamba hii ni bendi ya roki, kwamba roki ilitokana na bluzi. Nilinyamaza. Nimelelewa kuheshimu mvi.

Kilichonishangaza ni kwamba santuri ilikuwa inazunguka na hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Mazungumzo yalikuwa LSD, ile dawa ya kulevya, polisi, LSD tena, kisha Roky alivyokamatwa Austin mwaka 1969 na msokoto mmoja wa bangi, mawakili wakajitetea kwa hoja ya wazimu, akaishia kufungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Rusk hadi 1972. Ni habari za kweli, na zinauma. Lakini zilisimuliwa kwa kicheko, huku sauti ya kijana huyohuyo ikitoka kwenye spika bila mtu kuijali.

Mara nyingine tulipokutana iliwekwa Easter Everywhere, albamu yao ya pili, iliyorekodiwa 1967 kwenye studio ya Walt Andrus humuhumu Houston. Imefunguliwa na "Slip Inside This House", wimbo wa dakika nane unaojizungusha bila kuchosha. Ukafuata wa pili, wa tatu, tukafika "She Lives", na baadaye "Levitation". Mimi nilikuwa nimeielekeza akili kwenye ngoma. Kwenye "Slip Inside This House" mpigaji ametulia, anauacha wimbo upumue. Kwenye "Levitation" mpigaji anausukuma wimbo kwa mbele, kama ana haraka ya kufika. Nikasema: hawa ni watu wawili, na hata besi si ya mkono mmoja.

Chumba kikanyamaza. Halafu yule mzee akasema, kwa sauti ya kuwachekesha wenzake, kwamba huenda spika zangu za nyumbani Afrika zilikuwa zimeniharibu masikio.

Mwenye nyumba hakucheka. Aliinuka, akachukua lile boksi la CD 10 za bendi lililotolewa 2009, Sign of the 3-Eyed Men, akafungua kitabu kilichomo, akasoma kimyakimya, kisha kwa sauti. Mpiga ngoma John Ike Walton na mpiga besi Ronnie Leatherman waliiondokea bendi katikati ya 1967. Nafasi zao zikachukuliwa na Danny Thomas na Dan Galindo. Nyimbo mbili za albamu ile zilikuwa zimeshapigwa na wale wa mwanzo kabla hawajaondoka: "She Lives" na "Levitation".

Yule mzee hakuniomba radhi. Hajaniomba mpaka leo, na sitajifanya nimesahau. Lakini tangu siku ile santuri ikianza, gumzo linakatika, na wimbo ukiisha nageukiwa mimi kuulizwa nimesikia nini. Mwezi uliopita niliombwa nichague nyimbo za jioni nzima na kuziongoza. Nilichagua zote nikiwa na sababu ya kila moja, na hakuna aliyetaja LSD mpaka tulipokuwa tunatafuta viatu mlangoni.

Masikio haya sikuyapatia Texas. Nimekulia kwenye nyumba ambayo baba na rafiki zake walikuwa wakibishana mpaka usiku juu ya rekodi za dansi zilizopigwa kwenye studio ya Radio Tanzania: hapo gitaa la solo ni Mbaraka Mwinshehe au ni mwingine wa Morogoro Jazz? Mtu akidai, anaambiwa arudishe wimbo nyuma aonyeshe mahali. Asiyeweza kuonyesha, ananyamaza. Kwa hiyo mtu akikwambia urudi kwenye muziki wa kwenu, mwambie ndiko ulikojifunzia kusikiliza.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kusikiliza kabla ya kusoma. Usifungue maelezo ya jalada, usitafute historia, usimuulize mtu. Usikilize wimbo kwanza ukifuata ala moja tu, kisha uanze tena na nyingine. Ukishasikia kitu chako, ndipo usome. Ukisoma kwanza, utasikia ulichosomewa.

Wa pili hauko mbali na huo: ukitoa dai, taja mahali. Kusema "gitaa la Stacy Sutherland ni zuri", yule mpiga gitaa wa Elevators, hakumsaidii mtu. Sema liko wapi ndani ya wimbo, linaingia baada ya neno gani, lina mwangwi au limekauka. Sutherland alipenda mwangwi, hasa anapopiga taratibu, na ukiufuata mwangwi huo utamtambua hata kwenye rekodi mbovu. Dai lenye mahali haliwezi kuchekwa. Litapingwa tu na mtu aliyesikiliza vizuri kuliko wewe, na huyo ni rafiki wa kumshika.

Jua pia unasikiliza toleo gani. Ugomvi mwingi wa mashabiki hauna msingi kwa sababu kila mmoja ana toleo lake. The Psychedelic Sounds, albamu ya kwanza iliyorekodiwa Dallas mwaka 1966, ipo ya mono, sauti zote zikiwa pamoja, na ipo ya stirio, sauti zikigawanywa kushoto na kulia. Wakati ule vijana wengi walisikilizia redio na gramafoni za spika moja, kwa hiyo mono ndiyo iliyopewa uzito. Mimi naisimamia mono ya albamu hiyo kwa nguvu zote. Gitaa, ngoma na mtungi vinasongana mahali pamoja na kukujia usoni. Kwenye stirio vimetawanywa, na ule msongamano ulioufanya muziki huu utishe unapungua. Hata hivyo stirio ina faida yake kwa anayejifunza, maana ni rahisi kumtenga mpigaji mmoja na mwenzake. Sikiliza stirio ujue nani yuko wapi, rudi kwenye mono ufurahie. Na kabla hujabishana na mtu, muulize: wewe unayo ipi?

Tena nasema, sikilizeni. Tuna tabia mbaya sisi mashabiki, Waafrika kwa Wazungu, ya kupenda misiba ya wanamuziki kuliko kazi zao. Roky Erickson alikuwa mtu, alikuwa mtoto wa mtu. Alifariki Mei 2019 baada ya maisha yenye mateso ambayo mimi na wewe tusingeyaweza. Stacy Sutherland alipigwa risasi na mkewe mwaka 1978. Kuna mtu ambaye hajawahi kuusikia mwisho wa wimbo wao "Splash 1" lakini vifo hivi atakusimulia kwa mbwembwe. Huo si ushabiki. Kama unampenda mtu, mpe dakika tatu za ukimya wakati anaimba. Zima simu. Wafundishe na wadogo zako hivyo hivyo. "Splash 1" Roky aliutunga pamoja na Clementine Hall, mke wa Tommy, na ni miongoni mwa nyimbo za mapenzi zenye upole zaidi za miaka ile. Nani anamtaja Clementine? Yeye pia ndiye mwenye sauti ya nyuma kwenye "I Had to Tell You". Lakini haya hayatajwi, kwa sababu hayana bangi ndani yake.

Mdogo wangu wa Mwanza aliniuliza pia anunue ipi, maana hela yake ni ya mara moja. Asihangaike na santuri za awali za International Artists, bei zake ni za matajiri, na mono ya Easter Everywhere ni adimu hata huku ilikotengenezwa. Anunue toleo jipya la albamu ya kwanza, ahakikishe nyuma ya jalada imeandikwa mono. Akipata tena hela achukue Easter Everywhere, ya stirio inatosha. Bull of the Woods ya 1969 aiache iwe ya tatu. Humo Roky yuko kwenye nyimbo chache tu, mzigo ameubeba Sutherland, na baadhi ya nyimbo zimeongezewa tarumbeta ambazo mimi sizipendi. Ila wimbo wa mwisho, "May the Circle Remain Unbroken", asiuruke, na ausikilize usiku. Hiyo Live asiitupe. Siku akikutana tena na wale waliomcheka, awawekee "Roller Coaster" zote mbili na awaombe wamwonyeshe, kwa wakati kamili, mahali makofi yanapojisaliti.