Mwalimu, Mbwa Wangu Hasikii

Barua za safari hii nyingi zinafanana, kwa hiyo nimechagua nne tu. Nimeziacha kama zilivyokuja, isipokuwa ya tatu, ambayo nimeipunguzia matusi aliyotukanwa mbwa. Mwenyewe hakuwepo kujitetea.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mbwa jike wa miezi saba. Ndani ya nyumba nikimwita anakuja mbio mpaka ananigonga miguuni. Tukitoka nje nikasema "njoo", ananitazama, kisha anakwenda zake. Nikimfuata ndiyo kwanza anaongeza mbio, tena anageuka nyuma kuniangalia kana kwamba ananicheka. Nikimkamata namkemea sawasawa ili ajue amekosa. Mambo yanazidi kuharibika. Hiki si kiburi? – *Mama wa mbwa mtoro*

JIBU: Marahaba mama. Kiburi hakipo hapo. Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua: "nikimkamata namkemea."

Hebu liangalie jambo hili kwa upande wake. Yuko nje, ananusa, anafurahi. Sauti yako inaita. Akifika kwako, iwe amekuja mwenyewe au amekamatwa, anakuta ukali, anafungwa kamba na matembezi yamekwisha. Wewe unadhani unamwadhibu kwa kukimbia. Yeye alishasahau kwamba alikimbia. Ukali wako anauunganisha na jambo la mwisho lililotokea, nalo ni kuwa karibu na mkono wako. Kwa hiyo kila unapomkemea unamfundisha kukaa mbali nawe, naye ameshika somo vizuri sana. Kumfukuza nako ni zawadi: kwa mbwa, kukimbizana ni mchezo mtamu kuliko yote, na ana miguu minne.

Kwanza, neno "njoo" lipumzishe. Limeshachafuka. Chagua neno ambalo hujawahi kumtumia, "hapa" kwa mfano, au filimbi. Anza upya ndani ya nyumba, mahali pasipo na vishawishi. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya uchangamfu, wakati tayari ameanza kugeuka upande wako. Akifika mpe kipande cha nyama iliyochemshwa, kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole chako cha mwisho. Wakati anatafuna, shika kidogo mkanda wake wa shingoni, mwachie, kisha mruhusu aende zake. Hilo la kumruhusu aende ndilo watu wanaloliruka, na ndilo lenye uzito. Akizoea kwamba mara nyingi kuitwa hakumalizi mchezo, atakuja bila kupiga hesabu.

Akiwa hodari ndani, hamia uani, halafu mahali pa wazi, lakini akiwa na kamba ndefu, mita tano hadi kumi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani na si wa shingoni, maana akichomoka kwa kasi kamba ikamkatisha anaweza kuumia shingo. Kamba si ya kumvutia. Ni ya kuhakikisha kwamba hajifunzi tena kukutoroka wakati somo jipya halijakomaa.

Na ukimwita asije, usirudie mara tano. Ukirudia, anajifunza kwamba zile nne za mwanzo hazina maana. Mgeuzie mgongo, kimbia upande wa pili, au chuchumaa uchezee kitu ardhini kana kwamba umeokota hazina. Udadisi utamleta. Akifika, hata kama amechelewa na wewe unachemka rohoni, msifu.

Usimwite kamwe kwa jambo asilolipenda. Kuogeshwa, kukatwa kucha, kunyweshwa dawa: kwa hayo nenda umchukue mwenyewe pale alipo. Halafu zingatia umri wake. Miezi saba ndiyo ujana wenyewe. Mbwa aliyekuwa anakuganda kama kivuli anagundua kwamba dunia ni pana. Majike wengi pia hupata joto lao la kwanza, yaani siku za kutaka dume, kati ya miezi sita na kumi na miwili. Siku hizo asitoke bila kamba, hata awe amefuzu namna gani.

SWALI: Nimepewa kitoto cha mbwa cha wiki tisa. Rafiki yangu anasema mafunzo yasianze mpaka afike miezi sita, eti sasa hivi akili haijapevuka. Nikitaka kuanza na "keti" na "lala", nifanyeje? – *Mgeni wa mbwa*

JIBU: Rafiki yako amechelewa miezi minne. Kitoto hicho kinajifunza tangu kinapofungua macho asubuhi, ukikifundisha usikifundishe. Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu ya kumi na nne ya maisha yake ndipo mbwa huzoea kwa wepesi watu, sauti na vitu vigeni. Ukisubiri miezi sita mlango huo umeshafungwa. Ila muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo kabla hujamshusha mahali wanapopita mbwa wengine. Kwa sasa mpakate, mtembeze akiwa mikononi mwako.

"Keti" hivi. Shika kipande cha chakula kwa ncha za vidole, kiweke mbele ya pua yake karibu kuigusa. Kisogeze polepole juu na nyuma, kuelekea kati ya masikio. Pua ikifuata juu, makalio yenyewe yatashuka. Usiyakandamize kwa mkono, ukimsukuma atakusukuma. Akirukaruka, ujue mkono wako umepanda mno. Akirudi nyuma, fanyia zoezi pembeni ya ukuta. Pale pale makalio yanapogusa sakafu, sema "vyema" na umpe. Nimesema pale pale. Sekunde moja, mbili zikizidi. Ukianza kupekua mfuko kutafuta chakula, atakuwa ameshasimama, na utakuwa umemlipa kwa kusimama.

Neno lenyewe usiliseme siku ya kwanza. Subiri mpaka mkono wako unamketisha bila shida, ndipo useme "keti" *kabla* ya mkono kusogea. Mbwa husoma mwili wetu kwa wepesi kuliko maneno. Vikitoka pamoja, neno na mkono, atafuata mkono na neno litampita. Baada ya hapo toa chakula mkononi, ufanye ishara tupu, na zawadi itoke mfukoni. Vinginevyo utapata mbwa anayeketi akiona nyama tu.

"Lala" huanzia kwenye kuketi: shusha chakula kutoka puani moja kwa moja hadi kati ya miguu ya mbele, kisha kivute taratibu kuelekea kwako. Sakafu ya baridi na ngumu wengi hawaipendi, tandika mkeka au zulia.

Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa kikao kimoja, mara kadhaa kwa siku, akiwa na njaa kidogo. Acha wakati bado anataka. Chakula cha mafunzo kitoe kwenye mgao wake wa siku, asije akanenepa kwa elimu. Chokoleti, zabibu na kitunguu visiwemo hata kidogo. Ni sumu kwake.

Kisha itisha kikao cha familia. Nimeona nyumba ambayo baba anasema "kaa", mama anasema "keti", watoto wanasema "chini", na "chini" hiyohiyo ndiyo anayoambiwa akipanda kochi. Kila amri iwe na neno moja, liandikwe na kubandikwa ukutani.

Usishangae akijua "keti" jikoni halafu barazani akakutazama kama hajawahi kulisikia. Mbwa hajumuishi mambo kama sisi. Kwake somo ni jikoni, wewe umesimama, mkono wa kulia. Lifundishe tena kila mahali, kwa urahisi ule wa mwanzo. Kila mara litakuwa jepesi zaidi.

SWALI: Mbwa wangu anakojoa sebuleni. Nimemchapa, nimemsugua pua kwenye mkojo kama nilivyoelekezwa. Anajua kabisa amekosa, maana nikiingia tu anainamisha kichwa na kufyata mkia. Mbona haachi? – *Nimechoka*

JIBU: Acha fimbo, na hilo la pua likome leo. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu uso huo wa "najua nimekosa". Alikuta hauendi na kosa, unaenda na ukali wa mwenye mbwa: wasio na hatia walipokemewa waliuonyesha sawasawa na wakosaji. Huyo wako anasoma hatua zako mlangoni, anajikunja mapema. Anachojifunza ni kukojoa usipomwona, nyuma ya kochi.

Mtoe nje akiamka, akimaliza kula na baada ya mchezo. Simama naye hapo hapo nje, umsifu na kumpa zawadi akimaliza haja, si mkisharudi ndani. Sebuleni safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mkojo; zenye amonia ziepuke, harufu yake inakaribiana na mkojo. Kama zamani alikuwa msafi na haya yameanza ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumfikiria vibaya. Huenda ana maambukizi kwenye kibofu.

SWALI: Mbwa wangu ana miaka tisa, hajawahi kufundishwa chochote. Nimechelewa? – *Mzee mwenye mbwa mzee*

JIBU: Shikamoo mzee. Hujachelewa. Mbwa wa miaka tisa mara nyingi ana utulivu ambao kitoto hana, na tayari anakujua ulivyo. Angalia mwili tu. Akisita kuketi au akiketi upandeupande, nyonga au magoti huenda yanamuuma. Basi mfundishe kusimama tuli badala yake. Akiwa hageuki unapomwita kutoka nyuma, pengine masikio yamechoka, kwa hiyo fundisha kwa ishara: kiganja juu kwa "keti", kiganja chini kwa "lala", mikono miwili wazi kwa "njoo". Usiku mulikia tochi sakafuni mbele yake badala ya kumwita. Na usimguse ghafla akiwa amelala. Gonga sakafu kwa mguu kwanza, aamke mwenyewe.