Umwache wapi mtoto ukiingia zamu ya usiku: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Mwezi ujao zamu yako ya kiwanda cha minofu inahamia usiku, na hapo Igoma, Mwanza, kuna mama anayelaza watoto wa wanaokesha kazini. Unauliza umpelekee mjukuu wangu mwenye miezi tisa, au uache kazi. Kazi usiache. Ila mlezi hodari wa mchana anaweza kuwa mbovu usiku kwa sababu moja tu: na yeye hulala.

Kwa hiyo usianze na bei. Muulize nani anakuwa macho saa nane usiku. Akikujibu "mimi huwa nasikia tu", hajajibu. Wawe wawili wanaopokezana, na mimi nisingemwachia mtu mmoja zaidi ya wadogo wanne. Uliza pia idadi ya watoto siku za giza. Mbalamwezi ikipotea wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani, akina mama wa mwaloni, kunakoshushwa samaki, wanadamka alfajiri kuwahi mzigo, na nyumba yenye watoto watatu inajaa ghafla.

Ikague nyumba yenyewe usiku. Kila mtoto awe na godoro lake lisilobonyea, na chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Wako hajafikisha mwaka: alazwe chali, bila mto wala blanketi zito, asilazwe ubavuni mwa mtu mzima. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa makaa yanayofifia. Sumu yake haina harufu, na aliyelala haamki. Ndoo za maji zifunikwe. Ukiona mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, aga uondoke.

Halafu kuna hili ambalo hakuna mlezi atakayekuambia: wapo wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale. Dawa nyingi za aina hiyo zinalevya, na kwa mtoto mchanga zinaweza kudhoofisha hata pumzi. Ukimkuta asubuhi amelegea, macho mazito, titi halitaki, usimsubiri azinduke. Mpeleke hospitali kwanza, kwa kuwa kulegea na kukataa kunyonya ni dalili za hatari hata kama hakupewa kitu. Mlezi utamhoji baadaye.

Maziwa ndiyo yenye hesabu. Uliyokamua, yakikaa nje ya friji, mwisho wake ni muda wa saa nne tangu uyakamue. Ukikamua saa kumi na moja jioni, kufika saa tatu usiku hayafai, na mtoto huenda akaamka saa nane. Kwa hiyo ama mlezi awe na friji, ambamo yanakaa hadi siku nne, au upeleke boksi lenye barafu ya kutosha. Gawa kidogo kidogo, mililita 100 hivi kila chombo, maana yanayobaki baada ya mtoto kunywa humwagwa. Yapashwe kwa kutumbukiza chombo ndani ya maji ya moto, yasiinjikwe. Anyweshwe kwa kikombe. Chuchu ya plastiki ni taabu kuisafisha gizani umeme ukikatika.

Na kazini usione haya kukamua. Sheria ya ajira ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sheria hiyohiyo inataka kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Angalia hati yako ya malipo.

Mwachie mlezi karatasi yenye uzito wa mtoto, namba ya bajaji wa jirani na namba ya msimamizi wako wa zamu, kwa sababu simu yako itakuwa kabatini. Akipata homa asipewe dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Degedege au kutapika kila anachonywa: hospitali papo hapo, wewe upigiwe njiani.

Sasa asubuhi, ambako wengi hujikwaa. Unatoka saa moja, unamchukua, mnajitupa wote kitandani. Hapo mtu mzima aliyelala hoi ndiye wewe. Patana na mlezi abaki naye hadi saa sita, hata kama ataongeza bei. Mpitie umnyonyeshe, kisha nenda kalale peke yako.

Ni mimi mama yako.