Mpwa wangu, kabla hujauza kamera

Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza, na najua unawaulizia na wenzako wa hapo Ngamiani, Tanga: mtu aliyezoea kupiga na kuongoza filamu akija Ujerumani atatoboa, au ataishia kubeba boksi kama wajomba zake? Ukasema uko tayari kuuza kamera na kile kiwanja alichokuachia babu, nikuambie ukweli tu. Nimekaa na swali lako wiki nzima. Ndiyo au hapana ningeweza kukutumia usiku uleule, lakini ningekuwa nimekudanganya kwa vyovyote vile.

Kwa hiyo kaa nikusimulie habari za mtu wa mji huu ninaoishi, halafu tutarudi kwako.

Saarbrücken iko mpakani kabisa. Tramu ninayopanda kwenda kazini, ukiiacha iendelee mpaka mwisho upande wa kusini, inakushusha Sarreguemines, Ufaransa. Kila Januari, baridi ikiwa imekaza, hapa hufanyika tamasha la filamu la vijana wa Ujerumani, Austria na Uswisi, na tangu 1980 linaitwa kwa jina la Max Ophüls. Mwaka wangu wa kwanza mwenzangu wa kazini alinipa tiketi iliyombakia. Nikamuuliza huyo Ophüls ni nani. Akasema, ni mtoto wa hapa, walimfukuza. Usiku ule sikulala, nilikuwa namsoma.

Alizaliwa hapa 1902, Myahudi, familia ya wafanyabiashara wa nguo, jina lake Max Oppenheimer. Alipoingia kwenye tamthilia alijipa jina la Ophüls ili asimwaibishe baba yake, maana wakati ule mwigizaji nyumbani kwa watu wa heshima alikuwa kama mwanamuziki wa dansi kwa babu yako. Alianza kuigiza, akawa mwongozaji wa jukwaani miji kadhaa, kisha Berlin, kwenye filamu. Mwanzoni mwa 1933, akiwa na miaka 30, ikatoka Liebelei, hadithi ya mapenzi ya Vienna inayoishia kwenye msiba. Hiyo ndiyo iliyomweka mjini.

Februari mwaka huohuo jengo la Bunge likaungua Berlin, na Hitler, mtawala mpya aliyewachukia Wayahudi, akapata kisingizio alichokuwa anakitafuta cha kuwabana watu. Ophüls hakusubiri. Akamchukua mkewe Hilde, mwigizaji, na mtoto wao Marcel wa miaka mitano, wakaenda Paris. Liebelei iliendelea kuonyeshwa Ujerumani, ila jina lake walilifuta. Hebu fikiria watu wanapanga foleni kutazama kazi yako, na jina lako halimo.

Ufaransa hakulala njaa, kwa sababu Liebelei ilikuwa imemtangulia na watu wa Paris waliipenda. Alipiga kazi Italia, alipiga Uholanzi, alipiga Ufaransa kwenyewe, nyingine nzuri sana na nyingine, mimi naona, alizichukua kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri. Mwaka 1938 akapata uraia wa Ufaransa. Vita ilipoanza akaingia jeshini, kisha redioni, akitangaza dhidi ya Hitler kwa Kijerumani chake cha kuzaliwa. Basi Wajerumani walipoingia Paris Juni 1940, mtu kama yeye hakuwa na pa kujificha. Safari ikaanza upya, kupitia Uswisi, hadi Marekani mwaka 1941.

Hapa ndipo nataka usikilize kwa makini.

Filamu yake ya mwisho Ulaya ilitoka 1940. Iliyofuata ilitoka 1947. Kati ya miaka 38 na 45, umri ambao fundi ameshaiva na nguvu bado anazo, hakumaliza filamu hata moja. Na alikuwa Hollywood, penye studio kila kona! Alikuwa anazo filamu zaidi ya kumi na tano nyuma yake, lakini wenye maamuzi hawakuzijua, na Kiingereza alikuwa anakijenga. Wakimbizi wenzake waliokuwa na kazi walikuwa na mfuko wa kuchangiana tangu 1938, kila mwenye mshahara akitoa kidogo, kama tunavyochangishana sisi kwa misiba. Mwaka 1946 hatimaye akapewa filamu, akaachishwa katikati. Alipofanikiwa kumaliza moja, ilikuwa habari za mfalme wa Uingereza aliyekimbilia Uholanzi kuishi uhamishoni. Na jina lake kwenye filamu za Marekani waliliandika “Opuls”, herufi pungufu. Mimi kitambulisho changu cha kwanza hapa kilikuja na jina la babu yako limekatwa nusu, kwa hiyo hilo lilinichoma.

Mwaka 1948 akapiga Letter from an Unknown Woman, kutoka hadithi ya Stefan Zweig, Myahudi mwenzake, mzaliwa wa Vienna, aliyejiua uhamishoni Brazil mwaka 1942. Vienna yote ya ile filamu ilijengwa studio, California. Ukiitazama, angalia kamera inavyopanda ngazi na kuwafuata watu taratibu kana kwamba haitaki kuwaacha. Nimeiona mara sita. Sijui mwingine aliyeutamani mji wa mbali kwa reli za kamera namna hiyo.

Sasa mimi. Unakumbuka nilikuwa napiga video za harusi Tanga nzima. Hapa nilifanya miaka minne kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku, kamera ikiwa kabatini. Kampuni moja ilinikata saa za ziada za miezi miwili na sikuwa na lugha ya kuwadai. Leo nafunga taa kwenye jukwaa la tamthilia, nusu ajira, na moyo umetulia. Lakini ile miaka minne hairudi, na nyumbani nilikuwa nawatumia picha nimesimama kando ya magari ya watu. Kwa hilo nakuomba radhi, kwa sababu ndoto uliyonayo nimechangia kuipaka rangi.

Kuna mtu amekushauri ujilipue, yaani uombe hifadhi ya ukimbizi kwa kudai unatafutwa. Usifanye. Ophüls angebaki wangemuua. Hifadhi iliwekwa kwa watu wa namna hiyo, na wapo leo, nafanya nao kazi. Wewe kwenu Tanga unaweza kurudi wakati wowote, usiutupe huo uhuru kwa hadithi ya kutunga. Njia ya masomo ipo, lakini ijue bei: ubalozi utataka uonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti iliyozuiliwa, ambayo kila mwezi unaruhusiwa kutoa sehemu tu, na vyuo vingi vya filamu vinafundisha kwa Kijerumani. Kiwanja cha babu hakifiki nusu ya hapo.

Ophüls yeye alirudi Ufaransa mwishoni mwa 1949, akapiga filamu nne ambazo watu wa fani hii bado wanazisoma. Ya mwisho, Lola Montès ya 1955, watazamaji waliikataa na wenye pesa wakaikatakata. Alifariki Hamburg Machi 1957, moyo, ana miaka 54. Kazi yake ya mwisho ilikuwa tamthilia, kwa Kijerumani, mbele ya Wajerumani. Kaburi lake liko Paris. Marcel, yule mtoto wa miaka mitano, akawa mtengenezaji mkubwa wa filamu za matukio ya kweli, na mwaka 1989 akapewa Oscar.

Kwa hiyo kamera usiuze. Ile filamu yako ya wavuvi wa Pangani, uliyoiacha dakika ya kumi na nane, imalize. Ukimaliza nitumie yote, hata kama sauti haijakaa sawa. Binti yangu ataandika maneno ya Kijerumani chini ya picha, na Kiswahili cha wavuvi, ambacho yeye hakijui, nitakaa naye nimweleze neno kwa neno.