Namba ya safu mlalo iachie kitanzi

Mwaka wangu wa kwanza wa uhazini kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nilimtoza faini ya kuchelewa mama ambaye kila Jumamosi ndiye anayefika wa kwanza. Alisimama mbele ya wenzake akauliza, "Mwanangu, nimechelewa lini?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua skripti, yaani maagizo ya kompyuta, niliyoiandika kwenye Google Sheets, programu ya majedwali, nikalikuta kosa.

Nilikuwa nimeandika mstari mmoja kwa kila mwanachama: soma mahudhurio B2, andika faini E2, soma B3, andika E3, hivyo hivyo hadi watu 30 waishe. Nilinakili mstari wa juu, nikabadilisha namba kwa mkono. Mahali pamoja nilibadilisha ya E nikasahau ya B. Faini ya E17 ikatokana na mahudhurio ya B16, na yule mama akabeba kosa la mtu wa juu yake.

Tangu hapo siandiki anwani ya seli moja moja. Namba ya safu mlalo naiweka kwenye kibadilika, jina linaloshika thamani inayobadilika (hapa i), halafu kitanzi, yaani agizo linalojirudia, kinaisogeza. Neno jedwali hapa ni karatasi yenye majina:

const mwisho = jedwali.getLastRow();
for (let i = 2; i <= mwisho; i++) {
  const hali = jedwali.getRange(i, 2).getValue();
  if (hali === "Kachelewa") {
    jedwali.getRange(i, 5).setValue(1000);
  }
}

Itazame hiyo i. Ipo tunaposoma na ipo tunapoandika, na ni ile ile moja, kwa hiyo mahudhurio ya mtu na faini yake haviwezi tena kuachana. Inaanzia 2 kwa kuwa safu ya kwanza ina vichwa. Ndani ya getRange safu mlalo hutangulia, safu wima hufuata, kwa hiyo 5 ni E.

Chunga getLastRow. Inakupa safu ya mwisho yenye kitu chochote, hata fomula inayoonyesha seli tupu. Kama umeweka mstari wa JUMLA chini ya majina, nao utapitiwa na kitanzi. Mimi jumla nimeihamishia kwenye karatasi nyingine.

Kwa watu 30 kitanzi hicho kinatosha kabisa. Nilipotaka kupitia michango ya miaka yote, maelfu ya safu, kilikuwa kinakatishwa njiani, kwani Google huisimamisha skripti ikifika dakika 6, na kuomba seli moja moja kunakula muda mwingi. Dawa yake ni kuzisoma zote kwa mkupuo:

const data = jedwali.getRange(2, 2, mwisho - 1, 1).getValues();

Hapa ndipo wengi ninaowafundisha hukwama. Namba ya tatu ni idadi ya safu unazotaka. Haisemi safu ya kuishia, na ndiyo maana nimetoa 1, ile ya vichwa. Ukiweka mwisho peke yake, utabeba safu moja ya ziada. Pia orodha unayorudishiwa huhesabu kuanzia 0: data[0][0] ni B2, data[15][0] ni B17. Majibu yakusanye kwenye orodha nyingine, kila safu na mabano yake, mfano [1000] au [0], kisha uyaandike yote mara moja kwa setValues. Idadi isipolingana na eneo ulilolitaja, skripti itagoma, na heri igome kuliko kuandika pasipo pake.

Ukifuta safu za waliojitoa, anzia chini upande juu, yaani i-- (punguza moja) badala ya i++ (ongeza moja). Ukifuta safu ya 7 huku unashuka, ya 8 inapanda kuwa ya 7, kitanzi nacho kinakwenda 8. Aliyepanda anarukwa bila kuguswa.

Na kila skripti mpya naijaribu kwanza kwenye nakala ya daftari yenye majina matatu, mmoja wao kachelewa, kabla ya kuifungulia daftari la watu.