Mwanamke wa Lamu na karatasi za nyumbani wakati wa hatari

Wavamizi walipoingia Mpeketoni, mji mdogo wa bara ya Lamu nchini Kenya, usiku wa tarehe 15 Juni 2014, waliwalenga wanaume, na kulipokucha wanawake wengi walikuwa wajane wenye watoto wa kulisha na shamba ambalo hati yake, kama ilikuwepo, ilikuwa na jina la marehemu. Tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia akina mama wanaokimbia vijiji vya bara ya Lamu, na jambo ninalowasisitizia kabla ya mengine ni karatasi.

Unga na mafuta huletwa na majirani, msikiti, kanisa na mashirika, lakini karatasi haziletwi na mtu. Katika darasa walimolala wakimbizi nilimwona mama akianika vyeti vya kuzaliwa vya wanawe juu ya dawati, kimoja kimoja, kwa kuwa mvua ilimkuta njiani. Hati ya shamba hakuwa nayo, maana mumewe hakupata kumwonyesha alikoiweka. Bila cheti cha kifo, kesi ya mirathi hukwama, iwe kwa kadhi au katika mahakama nyingine, na ndugu wa mume mwenye tamaa hulijua hilo mapema kuliko mjane. Kwa hiyo weka vitambulisho, vyeti na nakala ya hati katika mfuko mmoja usiopitisha maji, kisha zipige picha umtumie ndugu unayemwamini aliye Malindi au Mombasa. Mwulize mumeo leo, akiwa mzima. Kufanya hivyo si kumtakia mauti.

Liko jambo zito zaidi, ambalo tunalificha kwa kuogopa aibu. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai baada ya hapo. Asioge kwanza, asifue nguo alizovaa, na atibiwe hata kama bado hajafika polisi. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

Kuhusu usalama wenyewe, Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, linataka wanawake washiriki katika maamuzi ya amani. Huku kwetu vikao vya usalama huitwa jioni, wakati mama yuko jikoni, kisha husemwa kwamba wanawake hawakuja. Mwendeeni chifu kwa pamoja, mkamwombe kikao kiwe saa nne asubuhi, na majina yenu yaandikwe katika orodha ya kamati.