Kabla hujanunua baiskeli nyingine

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Unasema kwenye resi yako ya kwanza uliachwa hata kabla ya kilomita 10, na sasa unaniuliza kama utoe akiba yote ununue baiskeli ya kaboni. Usiitoe bado, mama. Kilichokuacha nyuma si baiskeli. Ni upepo.

Umeniambia mwenyewe kwamba ulikaa pembeni peke yako kwa kuogopa kugongana na wenzako. Nguvu zako ziliishia hapo. Anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa karibu theluthi ya jasho lake. Wenzako walikuwa wakipokezana kukata upepo, wewe ukiukata peke yako tangu filimbi ilipopulizwa.

Nilipokuwa na umri wako, vijana wa mtaani kwetu tulikuwa tunatoka kila Jumamosi kuelekea Magadi. Pale Kona Baridi upepo hukupiga ubavuni hadi baiskeli inayumba, na miezi mitatu mfululizo niliachwa palepale. Siku moja mzee mmoja wa kundi akaniambia nitazame mabega ya aliye mbele yangu, nisikodolee tairi lake macho. Mabega hukuonyesha mtu akitaka kupunguza mwendo au kuhama upande kabla hajafanya hivyo. Na usiache gurudumu lako la mbele liingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Yakigusana, wewe ndiye utakayeanguka. Lile kovu la kiwiko changu ulilokuwa ukilichezea utotoni nililipata kwa kosa hilohilo.

Kwa hiyo tafuta kundi kwanza. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara 4, alianzia kwenye vilima vya Kikuyu, pamoja na mwendesha baiskeli David Kinjah na vijana aliokuwa akiwafundisha.

Pesa kidogo utoe, ndiyo: kofia ngumu nzuri, tairi mpya, na fundi akupimie kiti, goti libaki limekunjwa kidogo pedali inapofika chini. Mlimani tumia gia nyepesi. Kula ndizi mapema, kabla hujahisi njaa.

Na usione aibu. Unakumbuka tulivyotazama mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kule Kigali mwaka 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika? Wanaume walikimbia kilomita 267.5, na waliomaliza ni 30 tu. Wengi walioishia njiani ni watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Njoo nyumbani Ijumaa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi tuwe barabarani, kabla malori hayajawa mengi. Mimi nitakaa mbele hadi Kiserian. Wewe kaa nyuma yangu, utazame mabega.

Baba yako