Umekabidhiwa daktari kijana umfundishe utafiti? Anzia hapa

Hospitali nyingi za rufaa zinadhani kumlea mtafiti chipukizi ni kumpeleka semina. Anarudi na cheti cha GCP (kanuni za kuendesha utafiti wa kitabibu ipasavyo) na begi lenye nembo ya mfadhili, na wiki inayofuata yuko kwenye zamu kama kawaida. Cheti atakihitaji kweli, maana kamati ya maadili itakiuliza. Lakini utafiti wa kitabibu mtu huujua kwa kupitishwa katika swali moja dogo, toka wodini lilikozuka hadi makala inachapishwa, bila kuruhusiwa kurukia la pili kabla la kwanza halijaisha.

Kaeni muda mrefu kwenye swali. Kijana karibu kila mara huja na mada tu: "Nataka kufanya kuhusu sepsisi," yaani maambukizi makali yanayodhuru mwili mzima. Mrudishe. Aandike sentensi moja inayotaja wagonjwa gani, wanafanyiwa nini, wanalinganishwa na nani, kitapimwa nini na lini. Mpe mfano wa utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kufanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wakipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, wanaokoka zaidi kuliko wasiopewa? Kipimo kikuu kilikuwa kifo ndani ya saa 48. Katika makundi mawili yaliyopewa maji walikufa asilimia 10.6 na 10.5; katika kundi ambalo halikupewa, asilimia 7.3. Tiba iliyozoeleka katika nchi tajiri ilionekana kuwadhuru watoto hawa, na jibu halikuhitaji mashine ya mabilioni, lilihitaji mtu wa kuangalia mtoto na saa.

Lakini FEAST iliandikisha watoto 3,141, na hapo ndipo vijana wengi wanapokwama. Ukitaka kuona kama tiba inashusha vifo kutoka asilimia 20 hadi 10, kwa uwezo wa kugundua tofauti wa asilimia 80 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, unahitaji wagonjwa kama 196 kila kundi. Ongeza nafasi ya asilimia 10 watakaopotea, wanafika 218. Ukitaka kuona kushuka kutoka 20 hadi 15 tu, ni kama 902 kila kundi. Sasa mtume kijana kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za wagonjwa za hospitali, ahesabu wagonjwa wa mwaka uliopita wanaotimiza vigezo vyake vyote, kisha agawe kwa mbili, kwa sababu wengine watakataa, wengine watafika usiku, wengine watakuja siku fomu zimekwisha. Akibaki na watano kwa mwezi, watu 436 wa makundi yote mawili (218 mara mbili) watamchukua zaidi ya miaka saba. Abadilishe swali mapema, karatasi ikiwa bado ni moja.

Na tafadhali, mkatazeni kunakili ile 384 iliyojaa kwenye tasnifu. Namba hiyo hutokana na kukadiria ukubwa wa tatizo moja katika jamii, ikidhaniwa ni asilimia 50, kwa ukingo wa makosa wa asilimia 5. Haisemi lolote kuhusu kulinganisha tiba mbili. Mtakwimu aitwe siku swali linapoandikwa. Akiitwa data zikiwa zimeshakusanywa, kazi yake inabaki kueleza kwa nini utafiti umekufa.

Kabla ya fomu yoyote, kijana achore majedwali matupu ya matokeo: safu zipi, mistari ipi. Kila swali la dodoso lisilojaza chumba katika majedwali hayo liondoke. Dodoso la kurasa kumi na nne hushuka hadi nne, na muuguzi wa wodi anaacha kukukimbia.

Vibali ndivyo vinavyokula miezi. Tanzania, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako, kuna kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kama ni jaribio la dawa au chanjo, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nao wanatakiwa kuliidhinisha. Zanzibar wana ZAHRI, taasisi yao ya utafiti wa afya. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) juu ya kibali cha maadili, na kwa majaribio ya dawa, Bodi ya Famasia na Sumu. Sampuli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuzihamisha uanze kuandaliwa pamoja na andiko lenyewe. Ukisubiri friza ijae ndipo uuombe, umeshachelewa. Kibali cha NIMR hudumu mwaka mmoja, kina masharti ya ripoti za maendeleo, na kuchapisha matokeo nako kunaombewa ruhusa. Kijana aweke tarehe hizo kwenye kalenda ya simu siku ileile anayopokea barua. Kibali kikiisha kimyakimya, data zilizokusanywa baada ya hapo ni tatizo.

Ridhaa huharibika kwa haraka. Fomu ya kurasa sita inasomwa kwa sauti moja, mama anatikisa kichwa, anaweka dole gumba, mambo yamekwisha. Mfundishe kijana kusimama na kuuliza: "Mama, ukiamua kesho kumtoa mtoto kwenye utafiti, ataendelea kutibiwa hapa?" "Nani ataamua mtoto apate dawa ipi?" Akijibu "daktari," hajaelewa kuwa kompyuta ndiyo itakayopanga kwa bahati nasibu, na maelezo yarudiwe kwa maneno mengine. Asiyejua kusoma awe na shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, aliyekuwapo tangu mwanzo wa maelezo. Shahidi wa kuitwa dakika ya kusaini si shahidi. Na anayeomba ridhaa, ikiwezekana, asiwe daktari yuleyule anayemtibu mtoto, maana ni wazazi wachache watakaomkatalia.

Kwenye data, makosa ni yaleyale kila mwaka. Fomu inauliza "umri" na kuandikwa 18: miezi au miaka? Uliza tarehe ya kuzaliwa, umri kompyuta itahesabu. Tarehe 03/04 ni Machi au Aprili? Mwezi uandikwe kwa herufi. Uzito wa kilo 10.4 unaingizwa 104 kwa sababu nukta ilifutika. Programu kama REDCap inaweza kuwekewa mipaka ikapiga kelele papo hapo, lakini lazima mtu aiweke. Uzito uliokosekana unaandikwa 999, halafu mtu anapiga wastani bila kuziondoa, na wodi ya watoto inaonekana imelaza tembo. Kosa kwenye karatasi likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, kisha jina kwa ufupi na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiingie kabisa chumba cha utafiti. Fomu kumi za kwanza mzipitie pamoja, mstari kwa mstari, kabla ya ya kumi na moja kujazwa.

Washiriki wanaotakiwa kurudi baada ya siku 28 hupotea kwa sababu za kawaida: laini imebadilishwa, amehamia kwa shangazi, hana nauli. Chukua namba mbili za simu, jina la balozi wa nyumba kumi, na maelezo ya njia kuanzia kituo cha daladala. Muulize mshiriki pia nani aruhusiwe kupigiwa na useme nini ukipiga. Kama utafiti unahusu VVU, jina lake lisitajwe kwa jirani kwa namna yoyote. Nauli na vocha viwemo kwenye bajeti. Vijana huviacha, wakaja kuvilipa mfukoni.

Kuhusu muda, tuwe wakweli. Ruzuku ya K23 ya Marekani, ya kuwalea madaktari wanaoanza utafiti, kwa kawaida hutaka asilimia 75 ya muda wa kazi ya daktari itengwe kwa utafiti na mafunzo yake. Kwetu hilo ni ndoto, lakini siku moja nzima kwa wiki, iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamu na kusainiwa na mkuu wa idara, inawezekana. Ahadi ya mdomo haivuki wiki ya kwanza yenye upungufu wa madaktari. Wewe mlezi nawe umpe saa moja kila wiki, siku na saa ileile. Asiye na lolote jipya aje hivyohivyo, maana mara nyingi huyo ndiye amekwama na anaona aibu kusema.

Nani atakuwa mwandishi wa kwanza kiandikwe kabla data hazijaanza kukusanywa, kwenye karatasi moja inayosambazwa kwa wote kwa barua pepe. Kijana aliyefanya kazi awe wa kwanza, wewe ukae mwisho. Majibu ya wakaguzi wa jarida ayaandike yeye kwanza, hoja moja moja, hata yakitoka na hasira. Hasira utazifuta kwenye rasimu ya pili.